Shina Lisilo na Fundo

Jumatatu, Machi 11

Hili ni daftari la oda. Kurasa za mbele ni vipimo vya milango na vitanda vya watu, na nilitaka libaki hivyo. Leo nimeligeuza naandika kwa nyuma, maana nisipoandika nitaanza kuongea peke yangu, na majirani wana masikio.

Mti wetu umeangukia nyumba saa nne asubuhi. Upepo wenyewe haukuwa wa kutisha. Ni siku ya nne mvua inanyesha, ardhi imekuwa uji, na mti umeng'oka na mizizi yake yote, polepole, kama mtu anayeketi. Mimi nilikuwa bandani napiga randa mlango wa mteja. Nikasikia mabati yanalia, kisha kimya. Nilikimbia na randa mkononi. Paa la upande wa chumba chetu limebonyea lote, kenchi mbili za kubebea mabati zimekatika, moja imeshukia kitanda na kukivunja katikati. Shina limelala juu ya kuta, kichwa chake kimetokea upande wa pili. Nikaliangalia shina, halijapasuka hata mahali pamoja. Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, simu sikioni. Alikuwa chumbani anakunja nguo, binti yetu akapiga simu, na simu ilikuwa inachaji jikoni. Usalama wake ulikuwa huo tu, wala hakuna mwingine.

"Fundi," akasema, "mti wako umeingia ndani."

Akiniita mume wangu, mambo ni shwari. Akiniita fundi, najua nimeharibu.

Machi 12

Watu wamekuja kutupa pole, wakaangalia juu, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Jirani wa ukuta kwa ukuta tunamwita Breki. Ameendesha lori miaka thelathini na mpaka leo akitembea husimama ghafla bila sababu. Ametuletea turubai la lori lake, zito, linanuka dizeli. Tumelitandaza juu ya tundu na kulikandamiza kwa matofali. Amenitania kwamba sasa nyumba yangu imepata leseni ya kubeba mizigo. Nilicheka kidogo. Mke wangu hakucheka.

Niseme ukweli hapa, maana daftari halibishani na mtu. Mti huu nimeulea miaka kumi na tisa. Tangu ulipolipita paa mke wangu ananiambia niukate, na mimi namjibu mwakani. Wengine walikuwa wanaona mti, mimi nilikuwa naona mbao. Mbao nyekundu za futi kumi na sita, zisizo na fundo hata moja. Fundo kwenye mbao ni mahali tawi lilipoota, kwa hiyo kila mwaka mvua zikikatika nilipanda na msumeno nikakata matawi yote ya chini, shina lipande safi. Majani yote yakahamia kileleni. Nilijua kwamba kichwa chake ni kizito, seremala gani asiyejua? Ila nilikuwa nangoja shina linenepe kidogo tena.

Mchana amekuja mpasua mbao na msumeno wake wa injini. Kijana wa haraka, haoni haya kusema.

"Mzee, nakikata kitu hiki vipande vya futi mbili mbili. Kufika jioni nyumba iko wazi."

Nikamwambia shina lisiguswe. Akate matawi tu. Shina nitalishusha zima kwa winchi, nilipasue, na kenchi mpya za paa zitoke humo humo. Paa lililovunjwa na mti litengenezwe na mti. Nilipolisema hilo niliona limekaa sawa kabisa.

"Unataka mbao au unataka nyumba?" akaniuliza.

"Vyote."

Akakata matawi, akaenda zake.

Machi 13

Mvua.

Machi 14

Mvua. Turubai linavuja pale tawi lilipolitoboa. Nimeweka ndoo.

Machi 16

Tunalala sebuleni, mimi kwenye zulia, yeye kwenye kochi. Asubuhi ameniuliza winchi inakuja lini. Nikamwambia Alhamisi, nimeongea na mtu wa gereji, amekubali.

"Alhamisi ipi?"

"Hii inayokuja."

"Haya," akasema, na akaenda kumwaga ndoo. Ninaifahamu hiyo haya yake. Ndani yake hakuna kukubali hata chembe.

Ukutani chini ya shina pametokea ufa. Nyumba yetu ni ya tofali za udongo zilizopigwa lipu, na lipu ikilowa hudanganya, hujui ndani pakoje. Nimeuwekea alama kwa penseli juu na chini. Upana: unapitisha msumari wa bati.

Machi 21, Alhamisi

Winchi haikuja. Gari lao limekwama kwenye matope huko kwenye mteremko. Wamesema wiki ijayo.

Ufa: unapitisha penseli.

Machi 24, Jumapili

Mke wangu ameondoka leo.

Niandike yote. Shemeji, dada yake mkubwa, alikuja saa tano na gari la kukodi. Hakunisalimia vibaya, alinisalimia vizuri mno, "Shikamoo shemeji," na mimi ni mdogo kwake kwa miaka sita. Nikajua nimepigwa kijembe. Walibeba godoro lililobaki kavu, begi mbili za nguo, na sufuria zake zote kwenye boksi. Mimi nilikuwa nashika mwamvuli juu ya vitu. Kazi yangu ilikuwa hiyo.

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia, "Mke wangu, ni siku chache tu."

"Siku ngapi?"

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, na ameketi hivyo mara ngapi kwenye maisha yetu, akingoja nimalize kazi ya mtu mwingine.

"Mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Nitarudi siku nitakayolala chali nikaona dari. Sasa hivi nikilala chali naona turubai la lori."

"Kabla mvua hazijaisha utalala chini ya dari. Nakuahidi."

Akainuka kwenye ndoo. "Umeahidi wewe. Mimi sikukuomba."

Gari likaondoka. Mvua ilikuwa imepungua wakati ule, kisha ikaanza tena nilipofika mlangoni. Naogopa. Naliandika hivyo hivyo, naogopa. Miaka thelathini na moja hatujawahi kulala nyumba tofauti isipokuwa kwenye uzazi na misiba.

Machi 25

Nimehamia bandani. Kuna joto la vumbi la mbao na paa lake halivuji. Nilijenga banda vizuri kuliko nyumba, mke wangu alishasema hivyo zamani na nilikasirika.

Machi 28

Winchi haikuja.

Machi 30

Uyoga umeota juu ya kabati la nguo. Mweupe, mzuri hata. Nimeufuta.

Aprili 2

Mvua usiku na mchana. Ufa unapitisha kidole cha mwisho.

Aprili 4

Mwenye winchi amefika hatimaye, amezunguka nyumba mara mbili akisonya. Anasema winchi inataka mahali pa kujishikiza, na ardhi hii haishiki kitu, akifunga mnyororo hapa kitakachosogea ni winchi. Ningoje pakauke. Nikamwambia pakikauka mvua zitakuwa zimeisha. Akasema, "Ndiyo, mzee, ndivyo kukauka kulivyo."

Breki alikuwa anasikiliza juu ya ukuta wake. "Jirani, mwite yule kijana akate vipande. Kuna ubaya gani? Mbao zinauzwa."

Nikamwambia zinazouzwa zina mafundo.

Akasema, "Sawa bwana," akateremka.

Aprili 9

Nimekwenda kwa shemeji. Nyumba ya tofali za saruji, kavu, sakafu inang'aa. Kabla sijabisha hodi nilimsikia mke wangu akicheka huko ndani na dada yake, kicheko kile cha kushika mbavu. Nilikuwa nimekisahau. Nilipoingia wakanyamaza wote wawili, wakanikaribisha chai.

Chumba alichopewa ni kidogo. Godoro lipo chini, na sufuria zake amezipanga sakafuni kando ya ukuta, kubwa mpaka ndogo, zimefunikwa na kanga. Nilifurahi kuziona sakafuni. Mtu aliyeweka vyombo sakafuni anapita tu. Niliketi nikanywa chai nikamweleza kuhusu winchi, na alikuwa akiitikia kila neno, na nilipomaliza akaniuliza kama ninakula.

"Ninakula."

"Unakula nini?"

Nikadanganya.

Aprili 11

Mvua. Kidole cha shahada kinapita.

Aprili 14, Jumapili

Binti yetu amekuja. Ni karani wa mapokezi hospitalini, amezoea kuwaambia watu mambo wasiyopenda kwa sauti ya upole. Aliingia hadi kwenye chumba chetu, akasimama chini ya shina, akaona majani yaliyokauka, na mchwa, na kitanda. Nikamwambia atoke, si salama.

"Kama si salama, mbona lipo?"

Nikaanza kumweleza. Mbao, futi kumi na sita, kenchi. Akaniacha nimalize. Tukaenda bandani, nikampangusia kiti.

"Baba, nikuambie kitu? Usikasirike."

"Sema."

"Mama hakuondoka kwa sababu ya kuvuja. Nyumba hii imevuja mara ngapi na tumelala na masufuria kitandani? Mama anasema siku ile ulipoingia mbio, uliuangalia mti kwanza."

Nikaokota randa, nikaiweka tena.

"Anasema ulipitisha mkono kwenye shina mpaka mwisho. Ndipo ukamwangalia yeye."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia nilikuwa na hofu, mtu mwenye hofu hajui anaangalia wapi. Alinishika bega, akanipa chakula alichoniletea, akaondoka kuwahi zamu.

Alipoondoka nikarudi nyuma kwenye daftari hili, Machi 11. Neno lipo, kwa mkono wangu mwenyewe: Nikaliangalia shina, halijapasuka hata mahali pamoja. Kisha ndipo mke wangu, mlango wa jikoni. Na kuhusu kupitisha mkono sikuandika, ila sasa nakumbuka ubaridi wa lile gome. Nimeona aibu kiasi kwamba sikuweza kula chakula cha mtoto.

Aprili 15

Nimempigia mpasua mbao. Nimemwambia aje akate vipande, hata vya futi moja, sitaki tena. Yuko mbali kwenye kazi ya watu. Anakuja Ijumaa.

Nimempigia mke wangu pia. Nilitaka kusema nimesoma, nimeona, nisamehe. Nikasema mpasua mbao anakuja Ijumaa.

"Vizuri, fundi," akasema.

Aprili 17

Mvua nzito kuliko zote. Ufa unapitisha mkono mzima. Nimeegemeza ukuta kwa mbao mbili za mteja. Nitamlipa.

Aprili 18, Alhamisi

Ukuta umeanguka leo asubuhi, siku moja kabla ya Ijumaa.

Nilikuwa uani natafuta jiwe la kukazia zile mbao za kuegemeza. Haikuwa kelele kubwa. Ukuta wa chumba ulikaa chini tu, udongo mbichi, ukamwagika, na ule wa ukumbini ukaufuata, na shina likateremka juu yake, likaviringika mpaka uani, likasimama miguuni pangu. Paa lililobaki likaja lote. Zimebaki sebule nusu na jiko. Kabati la nguo limefukiwa na picha zetu za harusi zilikuwa ndani ya droo ya chini, droo niliyoitengeneza kwa viungo vya mikia ya njiwa, mbao zinang'atana zenyewe, haina hata msumari mmoja, ili idumu.

Na shina liko pale uani, zima, futi kumi na sita na zaidi, halijachubuka. Nilichokitaka nimekipata. Bila winchi.

Breki alikuja akasimama kando yangu. Hakutania. Alichukua koleo, akaanza kuchimba pale nilipomwonyesha pana droo, akachimba mpaka adhuhuri na umri wake ule na mvua ile. Tumezitoa picha. Zimegandana, hazifunguki. Na huyu mtu kwa miaka yote nimemwona domo tu.

Aprili 19

Nimemzuia mpasua mbao. Sasa hakuna cha kuokoa kwa kukata vipande. Nimemwambia aje wiki ijayo apasue mbao. Zikitoka mbao nzuri, naweza kuanza chumba kimoja, paa moja. Mvua bado zina mwezi. Ahadi ni ahadi.

Najijua kwamba najidanganya, ila mtu lazima aamke na kitu.

Aprili 20, 21, 22

Mvua.

Aprili 27, Jumamosi

Wamekuja wote, mke wangu, shemeji, binti yetu. Sikuwaita. Nadhani binti yetu ndiye aliyewaambia. Mke wangu alisimama kwenye kifusi cha chumba chetu, akaokota kibanio cha nguo, akakitia mfukoni. Kisha akaja kusimama na sisi penye shina.

Mpasua mbao alipiga kamba ya rangi kuchora mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho, nami nikaikagua kwa jicho, ikawa sawa. Injini ikawaka. Futi ya kwanza, ya pili, unga mwekundu unatoka kama nilivyokuwa nikiuwaza miaka kumi na tisa. Nilimtazama mke wangu. Nilitaka auone ule wekundu.

Futi ya tano unga ukabadilika. Ukawa wa kahawia, ukawa mweusi, ukawa tope. Kijana akazima injini, akatia kabari, shina likafunguka. Katikati ni tupu. Kuanzia pale mpaka juu kabisa ni bomba, na ndani mna uozo laini unaoweza kuuteka kwa kijiko.

Kijana akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye makovu ya nje, moja moja, mpaka kule kileleni.

"Maji yameingilia hapa, mzee. Na hapa. Na hapa. Kila ulipokata tawi."

Nikahesabu makovu. Sijui kwa nini nilihesabu. Yalikuwa arobaini na moja, na kila moja nimelikata mwenyewe, nimepanda mwenyewe, na nikashuka nikifurahia kazi yangu. Mti haukuangushwa na mvua peke yake. Nimeuua mimi taratibu huku nikiulea, na ukaja kuangukia pale pale mke wangu anapokunja nguo.

Nilingoja mke wangu aseme. Ningefurahi angesema. Nilikuambia, angesema, miaka yote nilikuambia, na mimi ningesema kweli uliniambia, na labda tungeanzia hapo. Hata angeniita fundi.

Alinikaribia akagusa mkono wangu kidogo.

"Pole, mzee," akasema.

Anawaambia hivyo wazee wote.

Aprili 30

Manyunyu.

Mei 3

Nimechambua zile futi tano za chini zilizobaki, katikati kabari imezitia nyufa. Pembeni mwa shina, karibu na gome, palikuwa na unene mzima wa inchi mbili hivi upande mmoja. Nimepata mbao mbili za futi tano. Nyekundu, safi, hazina fundo hata moja. Nimeziweka bandani juu ya vijiti zikauke. Kwa paa hazifai kitu.

Mei 6

Jua kidogo. Mvua jioni.

Mei 8

Binti yetu amepiga simu. Tuliongea habari za hospitali, za Breki, za mguu wangu niliouumiza kwenye kifusi. Mwishoni akasema, "Mama ana ombi, ila anaona haya kukuambia mwenyewe."

Moyo ukaruka. "Aseme chochote."

"Anataka rafu. Vyombo vyake viko sakafuni, anasema kuinama kunamuumiza mgongo. Futi tano inatosha. Anasema hata ya mbao mbovu."

Nikasema nitakuja kupima. Akaniambia mama ameshapima, akanisomea vipimo. Nikaviandika. Viko mbele ya daftari, kwenye kurasa za oda, chini ya mlango wa yule mteja.

Nimekaa na penseli mkononi muda mrefu. Nimetengenezea watu rafu tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi. Hakuna mtu anayeagiza rafu mahali anapopita.

Mei 12

Randa. Ilinichukua siku nzima, na mbao mbili hazistahili siku nzima. Sikutaka kumaliza.

Mei 14

Msasa, kisha mafuta. Wekundu umetoka vizuri sana. Breki ameishika akaigeuza, akasema hajawahi kuona mbao namna hii. Nikamwambia wala mimi.

Mei 19, Jumapili

Nimeifunga leo kwa shemeji.

Ukuta wao ni wa saruji, mgumu, nimetoboa matundu sita na nimetumia skrubu ndefu kuliko zinazohitajika. Nimeweka pima maji, kiputo kimekaa katikati. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria ya kwanza mikononi.

"Itabeba zote?"

"Itabeba hata ukipanda juu yake."

Akatabasamu. Akaipitishia mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole. "Ni ule mti?"

"Ndiyo."

"Ni mzuri," akasema. "Ulikuwa unasema kweli kuhusu mbao zake."

Nikamwambia nilichokuwa sijamwambia. Kwamba nimesoma daftari, kwamba ni kweli niliangalia mti kwanza, kwamba ninaomba radhi. Nilikuwa nimeshika bisibisi na nikiongea na bisibisi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe siku nyingi, mume wangu," akasema.

Halafu akapanga vyombo. Sufuria kubwa chini, ndogo juu, vikombe mwisho. Aliniuliza kama kuna uwezekano ikalegea baadaye, mwaka ujao au ule mwingine, na mimi ni fundi, siwezi kudanganya kuhusu kazi.

"Hii haitoki," nikamwambia.

Mei 22

Jua tangu asubuhi, hakuna wingu hata moja. Breki anasema ndiyo basi, mvua zimeisha mwaka huu. Nimelianua turubai lake juu ya kifusi, nimelifuta tope, nimelikunja mara nne na kumrudishia.